Rangi na Hisia Katika Picha ya Sura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Studio yetu iko Langoni, mlango wazi, na kwa wembamba wa njia za Lamu apitaye hana budi kuchungulia. Maswali haya, kuhusu picha za sura tunazochora kwa mtindo wa ekspreshonizimu, yameulizwa na wapita njia, wanafunzi, wateja, na kina mama waliokuja kuwatafuta watoto wao. Tumeanza na mepesi. Pale ambapo jibu liko kwenye swali jingine, tumekuelekeza huko.

## Mwanzo

Mbona mmempaka mzee wa watu kijani usoni?

Hili huulizwa hata kabla salamu hazijaisha, na anayekusudiwa ni nahodha mstaafu ambaye picha yake imetundikwa mkabala na mlango. Kijani kilikuwepo. Mzee alikaa barazani kwake asubuhi, jua halijaingia njiani. Ukuta wa mbele una chokaa, ukamrudishia mwanga wa baridi shavu la kushoto. Kikoi chake cha rangi ya machungwa kikamtia joto chini ya kidevu. Na ubavuni mwa pua, pale shavu linapoanza, palikuwa na kijani hafifu kilichotoka kwenye mlango wa jirani. Ukitazama kwa haraka hukioni.

Tulichofanya ni kukitia nguvu. Mzee yule ni mtu wa utani mkali: anakutania mpaka unatafuta pa kujificha, na yeye mwenyewe hacheki. Kahawia peke yake ilimtoa mpole, babu wa kwenye kalenda. Kilipoingia kijani kichungu cha ndimu shavuni, mdomo uleule, bila kuguswa, ukaonekana kama unajizuia kusema jambo. Wajukuu walipoiona picha waliangua kicheko. Yeye alisema tumemwongezea umri.

Ekspreshonizimu ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni uchoraji ambao mchoraji yuko radhi kuivunja sura ya nje ili kilichomo ndani kionekane. Rangi hazilazimiki kufuata macho, mistari inapinda, na alama za brashi zinaachwa wazi badala ya kulainishwa.

Chimbuko lake ni Ulaya. Mwaka 1888 Vincent van Gogh alichora mkahawa wa usiku mjini Arles, Ufaransa, kwa nyekundu na kijani zinazogombana, na akamwandikia nduguye Theo kwamba alitaka rangi hizo zibebe tamaa kali za binadamu. Mwaka 1893 Edvard Munch wa Norwei akachora yule mtu anayepiga ukelele chini ya mbingu nyekundu. Kisha mwaka 1905, mjini Dresden, Ujerumani, vijana wanne waliokuwa wakisomea usanifu wa majengo, Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl, wakaunda kundi la Die Brücke. Mwaka 1911 kundi jingine, Der Blaue Reiter, likaanzishwa Munich na Wassily Kandinsky na Franz Marc. Kwa picha za sura, hao wa Dresden na Munich, pamoja na Egon Schiele na Oskar Kokoschka wa Vienna, ndio wa kuwatazama kwanza.

Basi hiyo ni sanaa ya Wazungu. Sisi inatuhusu nini?

Wajerumani si wageni sana hapa. Walifungua posta Lamu mwaka 1888, na jengo lake bado liko mjini. Witu, ng'ambo bara, ilikuwa chini ya himaya yao kuanzia 1885 hadi 1890. Vijana wa Die Brücke wakati huo walikuwa watoto wadogo. Walipokua, walikwenda kuzikodolea macho sanamu za Afrika na za visiwa vya Pasifiki katika makumbusho ya Dresden, na nyuso zile zenye pembe kali unazoziona kwenye picha zao zilitoka huko kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo anayesema tumeiga Wazungu aulize kwanza Wazungu wenyewe waliiga wapi.

Tena kuna mchoraji wa mkondo huohuo aliyekuja kabisa kwenye pwani yetu. Tazama swali la Irma Stern, karibu na mwisho.

Mtoto wangu wa darasa la pili anachora hivihivi. Tofauti ni nini?

Mara nyingine tofauti ni ndogo, na mwanao huenda anajua jambo. Lakini mchoraji mzoefu, hata akipaka uso buluu, anajua sehemu ipi ni nyepesi, yaani ya mwangaza, na ipi ni nzito, yaani ya kiza, na hapo hakosei. Maelezo yako kwenye swali la mstari wa kijani.

## Rangi na hisia

Kila rangi ina hisia yake, si ndiyo? Nyekundu hasira, buluu huzuni?

Hapana. Orodha hizo zinazosambazwa mitandaoni zinawaharibu wanafunzi kuliko brashi mbovu.

Franz Marc alikuwa na orodha yake. Mwaka 1910 alimwandikia rafiki yake August Macke kwamba buluu ni uanaume na roho, manjano ni uanamke na upole, nyekundu ni maada, nzito na katili. Ilimfaa yeye na farasi wa buluu aliowachora. Ukija nayo Lamu itakwama gatini. Nyekundu hapa ni leso ya kisutu, yenye nyeusi na nyeupe ndani yake, anayovaa bibi harusi. Nyeupe ni kanzu ya Ijumaa, na nyeupe hiyohiyo ni sanda. Nyeusi ni buibui la kwendea sokoni kila siku, wala haina msiba wowote.

Rangi inapata hisia kwa jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, panapofumwa mazulia ya ukutani. Aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza akakuta hazina kasoro: zilififia machoni tu, kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Maandishi yake juu ya jambo hilo yalitoka mwaka 1839, na wachoraji hawajaacha kuyatumia.

Jaribu mwenyewe. Kata vipande viwili kutoka karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya nyekundu kali, kingine juu ya kijani kikali, kisha rudi nyuma hatua chache. Kijivu kilicho juu ya nyekundu kitaelekea ukijani, na kilicho juu ya kijani kitaelekea wekundu. Hukukigusa hata kimoja. Uso wa binadamu umejaa vijivu vya namna hiyo: chini ya macho, pembeni mwa mdomo, kwenye paji. Hapo ndipo hisia inapotengenezwa, zaidi ya pale unapobandika nyekundu nyingi ukitaraji watu waone hasira.

Kama hakuna orodha, nitajuaje nipake rangi gani?

Kaa na mtu kwanza. Ongea naye, kunywa kahawa. Kisha andika maneno matatu juu yake, na usiandike "furaha" wala "huzuni", kwa sababu hayo yanamfaa kila mtu. Andika kitu kama "ana haraka", "anaficha jambo", "anapenda kusikilizwa". Halafu jiulize: mtu huyu ni wa joto au baridi? Anasogea au ametulia? Jibu hata kwa kubahatisha, utabadilisha njiani.

Chagua rangi moja itawale, moja ipingane nayo, na zinazobaki ziwe za kimya. Wanafunzi wengi huzipigisha kelele rangi zote kwa pamoja, na mwisho hakuna inayosikika. Picha ya mama mmoja muuza viazi karai hapa kwetu imetawaliwa na zambarau nzito. Manjano imewekwa mahali pawili tu, kwenye kope na kwenye kidole gumba. Watu humtazama kidole kabla ya uso. Yeye mwenyewe huongea kwa kidole hicho.

Uso wa Matisse wenye mstari wa kijani katikati unawezaje kuonekana kama mtu?

Henri Matisse alimchora mkewe Amélie mwaka 1905, akapitisha mstari wa kijani kutoka kwenye nywele kushuka puani hadi kidevuni. Picha iko Copenhagen. Kusema kweli Matisse hakuwa wa kundi la Wajerumani. Yeye na wenzake wa Paris waliitwa jina la kejeli la wanyama wakali. Ila somo ni lilelile, na hakuna picha inayolifundisha vizuri zaidi.

Mstari ule umekaa pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli. Upande mmoja wa uso una joto, mwingine una baridi, na kijani kinashika mpaka. Uzito wake, yaani kiasi cha mwangaza na kiza, ndio hasa unaotakiwa pale. Jicho linapokuta mwangaza na kiza viko mahali pake husamehe rangi yoyote. Vikikosewa, hata ukipatia rangi ya ngozi barabara, uso utakuwa bapa.

Kupima ni rahisi. Piga picha mchoro wako kwa simu, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama bado ni mtu mwenye pua iliyosimama, uko salama, endelea na zambarau zako. Kama pua imepotea, usiongeze rangi, rekebisha uzito.

Masomo mengi yanafundisha ngozi ya waridi. Ngozi zetu tuzichoreje?

Hapa tunakaa sana, kwa sababu masomo mengi ya intaneti yanaanza na ngozi ya Mzungu, halafu yanaongeza kahawia mwishoni kama kiungo.

Baraza moja ya Lamu inaweza kuwa na ngozi ya maji ya kunde, ngozi nyeusi ya mvuvi anayeshinda juani, na ngozi nyeupe ya mwenye asili ya Hadhramaut, wote ndugu. Hakuna chupa ya rangi iliyoandikwa jina la yeyote kati yao. Kosa la kwanza ni kuchukua kahawia na kuiongezea nyeupe ili kupata sehemu ya mwanga. Inatoka majivu, mtu anaonekana mgonjwa. Pandisha mwanga kwa manjano, kwa rangi ya machungwa, hata kwa waridi, na nyeupe iingie kidogo mwishoni. Kosa la pili ni kushusha kivuli kwa nyeusi ya chupa. Tumia buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, au zambarau nzito, au kijani kilichozama. Kivuli kitakuwa kizito na bado kitapumua.

Tena ngozi nyeusi inayong'aa hupokea rangi za mazingira kwa namna ambayo ngozi nyeupe haipokei. Mtazame mtu mweusi aliyetoka kuogelea Shela saa kumi jioni. Kwenye bega na kwenye paji kuna buluu ya mbingu kabisa, si kahawia nyepesi, na chini ya taya kuna dhahabu inayorudi kutoka mchangani. Mchoraji wa kawaida ataipunguza buluu hiyo "isizidi". Wa mkondo huu ataiongeza. Hivyo kwa uchoraji huu ngozi zetu ni utajiri, na ndiyo maana tunawakataza wanafunzi kuanza na picha za waigizaji wa Marekani.

Nyeusi ni rangi? Na mwanamke aliyevaa buibui na nikabu utamchoraje hisia?

Nyeusi ni rangi, na buibui ni somo zima. Buibui jipya lina ubuluu. Lililofuliwa sana linaelekea kahawia. Kwenye mkunjo wenye jua linaweza kuwa karibu kijivu cha fedha. Changanya weusi wako mwenyewe (tazama swali lililotangulia) na uweke weusi wa joto karibu na weusi wa baridi. Macho peke yake yanatosha kubeba uso, lakini usiyategemee mno: mkao wa mabega, mkono ulioshika mkoba, kasi ya kitambaa kwenye upepo, vyote vinasema.

Inasimuliwa kwamba Matisse alipoulizwa mkewe alivaa nguo ya rangi gani siku alipomchora na kofia kubwa ya rangi nyingi, picha iliyozua kelele Paris mwaka 1905, alijibu kuwa alivaa nyeusi. Wanafunzi wetu wa kike huipenda sana habari hiyo.

Hisia hutoka kwa rangi peke yake?

La. Kirchner alipojichora akiwa askari mwaka 1915, alijipa mkono uliokatwa, kisiki kibichi mbele ya picha, ilhali mwili wake haukuwa na jeraha hilo. Ngozi ni manjano ya ugonjwa, macho hayana mboni. Ukiiondoa rangi, kisiki bado kinakushtua; ukikiondoa kisiki, rangi inabaki homa tu. Schiele naye alitumia rangi kidogo mno, karatasi nzima tupu, na vidole vikafanya kazi yote.

## Vifaa, mwanga na hewa ya bahari

Nianze na rangi ngapi?

Tano: nyeupe ya titani, manjano na nyekundu za kadimiamu, buluu ya ultramarini, na siena iliyochomwa. Kijani utachanganya. Kadimiamu ni sumu ikiingia tumboni, kwa hiyo usile mahamri na mikono yenye rangi.

Mafuta au akriliki, kwa hali ya hewa ya Lamu?

Akriliki kwa anayeanza. Ila wakati wa kaskazi inakauka kwenye kibao kabla hujarudisha brashi. Weka kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuchanganyia, na ukae ndani, mbali na upepo. Mafuta yanakupa muda wa kugeuza mawazo na kuchanganya shavu juu ya kitambaa chenyewe, jambo linalofaa sana kwa sura. Lakini wakati wa kusi na masika yanachelewa mno kukauka, na unyevu unaleta ukungu nyuma ya picha. Usiegemeze picha kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Kuta zetu zinatoa chumvi.

Kitambaa cha kuchorea nikipate wapi?

Marekani ya dukani (kitambaa cha pamba) inatosha. Ivute kwenye fremu, ipake gundi, kisha rangi ya msingi nyeupe tabaka mbili au tatu. Kwa rangi ya mafuta usiruke hatua hiyo, mafuta yanaozesha pamba. Wako wanaotumia tanga kuukuu la jahazi, nalo lina uzuri wake, lakini loweka na suuza chumvi kwanza. Rangi ya kupakia nyumba kama msingi ni rahisi bei, na baadaye inapasuka.

Saa ngapi ni nzuri kumchora mtu nje?

Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na baada ya alasiri. Adhuhuri jua liko utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili. Kama huna budi, mwingize kwenye daka la mlango: mwanga unaorudi kutoka ukuta wa mbele ni laini na una rangi nyingi kuliko unavyodhani.

Rangi zitapauka?

Zile za poster za watoto, ndiyo, hasa waridi na zambarau. Nyekundu ya alizarini halisi nayo hufifia kwa mwanga. Za udongo, ultramarini na kadimiamu zinadumu.

## Watu, dini na ruhusa

Kuchora sura za watu si haramu?

Ni swali la haki. Kuna hadithi za Mtume (S.A.W.) zenye makatazo juu ya wanaotengeneza picha za viumbe wenye roho, na wanazuoni wametofautiana kuhusu upana wake: wako wanaoziweka picha zote humo, na wako wanaolihusisha katazo na sanamu zenye umbo kamili au picha za kutukuzwa. Sisi ni wachoraji, si masheikh. Anayetaka fatwa aende kwa mwalimu anayemwamini, si studio.

Tunachoweza kusema ni jinsi tunavyoishi na jambo hili. Mwanafunzi asiyetaka kuchora nyuso hachori, na hakuna anayemuuliza. Rangi zote tulizozieleza zinafundishika kwa mlango wa nakshi, kwa leso juu ya kamba, kwa mashua, na kuna kijana ambaye picha zake za viatu vilivyoachwa mlangoni zina watu ndani kuliko nyuso za wengine. Wakifika wageni wenye msimamo huo, picha za sura tunazigeuza.

Naweza kumchora mtu njiani bila kumwambia?

Usifanye hivyo. Salimu, jitambulishe, sema unachotaka, na ukikataliwa shukuru uende zako. Kwa mwanamke, mara nyingi ni vizuri mwanamke mwenzake ndiye aulize. Na umweleze mapema kwamba rangi hazitakuwa za kawaida. Mtu aliyekubali picha akidhani itakuwa kama ya pasipoti, halafu akajikuta buluu, hukumwomba ruhusa ya kweli.

Anayekaa kuchorwa analipwa?

Ndiyo. Muda wake ni kazi.

Kuchora kutoka picha ya simu kunafaa?

Kwa umbo, ndiyo. Kwa rangi, simu inadanganya: inalainisha ngozi, inafuta kile kijani cha ubavuni mwa pua, na inasawazisha vivuli vyote viwe kahawia moja. Ukilazimika, kaa na mtu dakika chache uandike rangi kwa maneno pembeni mwa karatasi ("taya: dhahabu chafu, jicho la kulia: baridi kuliko la kushoto"), kisha maandishi yako yashinde simu.

Familia imeleta picha ndogo ya kitambulisho, wanataka marehemu achorwe. Rangi zitoke wapi?

Kazi hii inakuja mara nyingi, na ni ngumu kuliko zote. Picha haina rangi ya kutegemea, na mwenyewe hayupo. Basi waulize walio hai: alivaa nini akifurahi? Chumba chake kilikuwa na mwanga wa namna gani? Alikuwa wa sauti ya juu au ya chini? Binti mmoja alitwambia baba yake alinuka udi na mafuta ya mashine, na picha nzima ikajengwa juu ya maneno hayo: moshi wa kijivu chenye uwaridi, na nyeusi ya kung'aa.

Kwa kazi hizi huwa tunapunguza ukali. Kuvunja uso wa mtu aliyeko, anayeweza kukujibu, ni jambo moja. Kuuvunja uso ambao mjane ataamka nao kila asubuhi ni jingine, na hapo tunamtii mjane.

## Hali zisizo za kawaida

Mteja akiikataa picha?

Hutakuwa wa kwanza. Mwaka 1910 Kokoschka alimchora Auguste Forel, daktari na mwanasayansi maarufu wa Uswisi. Mikono ilipinda, jicho moja likawa kama limelala, na watu wakasema amechorwa kama mtu aliyepigwa na kiharusi. Forel na familia yake wakaikataa. Baadaye Forel akapata kiharusi kweli, na picha sasa iko kwenye makumbusho ya Mannheim.

Wachoraji hupenda kuisimulia habari hii kana kwamba inathibitisha kuwa mchoraji huona mbali. Sisi hatuitumii hivyo. Mteja ana haki yake. Onyesha michoro midogo ya rangi kabla ya kazi kubwa, chukua malipo ya awali ya vifaa, na akikataa usimlazimishe kuning'iniza asichokipenda sebuleni kwake.

Mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Nifanyeje?

Huenda ukawa na nafuu. Unategemea uzito kuliko sisi (swali la mstari wa kijani), na huo ndio uti wa mgongo. Andika majina kwenye tyubu, panga kibao chako kwa mpangilio uleule kila siku, na tumia zaidi buluu na manjano ambazo unaziona.

Ni kweli serikali ya Ujerumani iliipiga vita sanaa hii?

Ndiyo. Mwaka 1937 Wanazi walikusanya kazi zipatazo 650 wakazionyesha Munich ili watu wazicheke, wakiziita sanaa iliyooza. Kazi za Kirchner zaidi ya 600 ziliondolewa kwenye makumbusho. Mwaka uliofuata alijiua huko Uswisi. Mchoraji Emil Nolde alikuwa mwanachama wa chama hichohicho cha Nazi, na bado kazi zake zaidi ya elfu moja ziliondolewa vilevile.

Irma Stern ni nani, na anahusikaje na pwani yetu?

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1894, akasomea Ujerumani, na aliyemkuza ni Max Pechstein, mmoja wa Die Brücke. Alikuja Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945, akachora wazee wenye vilemba, wanawake, wauzaji, kwa rangi nzito zilizopakwa nene. Baadhi ya picha hizo alizitia fremu za mbao za nakshi za Zanzibar, zilezile unazozijua kwenye milango. Mwaka 2011 picha yake ya 1945 ya mzee wa Kiarabu iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni tatu.

Kwa rangi ya ngozi chini ya mwanga wa pwani hatujui mwalimu bora. Vivuli vyake vina kijani na zambarau, na hakuna majivu. Ila tazama majina ya picha: yanataja kabila au cheo, mtu mwenyewe hatajwi. Mzee yule alikuwa na jina na ukoo, na pengine wajukuu. Ndiyo sababu sisi, mwenye sura akiridhia, tunaandika jina lake nyuma ya kitambaa kabla ya jina letu.

Naweza kuondoka na picha ikiwa bado mbichi?

Inasimuliwa kwamba mwaka 1909, mjini Munich, mcheza dansi Alexander Sakharoff alipita kwa Alexej von Jawlensky akiwa amekwisha kujipamba kwa onyesho. Akachorwa papo hapo kwa nyekundu kali, na usiku uleule akaibeba picha mbichi, akiogopa rafiki yake asije akaigusa tena na kuiharibu. Alifanya la maana, picha imebaki na pumzi yake.

Lakini yeye hakupanda mashua kwenda Manda. Kama unawahi ndege na picha ni ya mafuta, tunaifunga uso kwa uso na fremu tupu ya ukubwa uleule, vizibo vinne kwenye pembe ili visigusane, na kamba nje. Ibebe wima, upande usio na upepo, na usikubali iwekwe chini ya mizigo hata nahodha akikuapia. Ya akriliki tunaikunja kwenye bomba, uso ukiwa nje.